Sehemu zetu za siri za kuangalia ndege tunazilindaje siku hizi kila mtu ana simu?

Kwale_wa_Tengeru (mwanzisha mada)

Habari za saa hizi wakuu, wakubwa shikamooni.

Naombeni ushauri maana hili jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa na nyumbani nikilisema wananishangaa, wanasema si ndege tu hao. Mimi ni dereva na muongoza watalii hapa Arusha ila kazi yangu kubwa ni wageni wa ndege, wale wanaokuja na darubini na kitabu na daftari la kuweka tiki, sio wale wa simba. Tangu 2016 nina korongo langu moja, nasema langu lakini sijalinunua wala sio shamba la baba, ni ardhi ya kijiji tu upande wa barabara ya Namanga, kuna migunga mikubwa na kwenye mgunga mmoja kuna kiota cha fundichuma, yale matita ya vijiti mnayoyajua, juu yake wamekaa bundi wawili miaka yote hiyo. Ni wale bundi wakubwa kuliko wote Afrika, wenye kope za pinki, mchana akifumba macho ndio unaziona vizuri. Nimeshaona mzee wa miaka sabini na kitu anaweka darubini chini anafuta machozi.

Nilikuwa napeleka wageni pale mara nne tano kwa mwaka basi. Gari tunaacha mbali, tunatembea kimya kimya, tunasimama mita sitini hivi, dakika kumi, tunaondoka. Sijawahi kumuonyesha dereva mwenzangu hata mmoja, na sababu sio biashara peke yake. Mimi nimezaliwa Machame, tukiwa watoto bundi akilia juu ya paa ilikuwa ni msiba unakuja, tulimtoa kwa mawe, na mimi nilirusha. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba bundi akijulikana alipo hana usalama.

Sasa mwezi wa sita mgeni akanitumia picha, kinda limetoa kichwa juu ya vijiti, manyoya meupe meupe, picha nzuri hujawahi kuona. Kazi ilikuwa imelala, nikaiweka Instagram ya kikampuni changu pamoja na nyingine moja ya wageni wanatembea kwenye nyasi. Sikuandika mahali, niliandika Arusha tu. Ikapata laiki kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Wiki mbili hazijaisha kijana mmoja wa bodaboda wa pale njia panda ananipigia, bro huku kwenu leo kuna gari tatu. Nikaenda kesho yake alfajiri nikakuta alama za matairi mpaka chini ya mti, matawi mawili yamekatwa ili kamera ione vizuri, na kuna watu wamekuja na spika ya blututhi wanapiga sauti ya bundi mchana kweupe. Dume lilikuwa linajibu, linaruka mti huu linaenda ule linarudi, linadhani kuna dume jingine limeingia kwake. Wiki iliyofuata kiota kitupu. Nimerudi mara tatu, hakuna kitu, hata kinyesi kipya chini ya mti hakuna.

Swali langu kwa mnaojua. Nyie sehemu zenu mnazilindaje? Nisiposti kabisa nife njaa? Na je mtu akiniuliza kwa heshima, dereva mwenzangu ninayemfahamu, nimdanganye?

Lenzi_ya_Ngaramtoni

Pole sana mkuu, nimeisoma hii mpaka mwisho nimeumia.

Nikwambie kitu ambacho pengine hujakijua. Ile picha yako niliiona, na mimi nilijua uko wapi ndani ya dakika kama tano hivi na sijawahi kufika hapo. Sikwenda, usinifikirie vibaya, ila nilijua. Kwenye picha ya kinda nyuma kabisa kuna Meru, na ule upande wake uliobomoka umeonekana kushoto. Meru imebomoka upande wa mashariki, ukiwa Arusha mjini unaona pembe tatu safi, ukiwa Momela unaona shimo lote linakutazama, sasa ukiuona ule mpasuko uko kushoto maana yake umesimama kaskazini ya mlima. Halafu picha ya pili ya wageni wako kwenye nyasi, Kilimanjaro imetokea na Mawenzi haipo, imejificha nyuma ya Kibo. Mtu wa Moshi anaona Kibo kushoto Mawenzi kulia, mtu wa Loitokitok kule Kenya anaona kinyume chake, Mawenzi inayojificha ni ya watu wa Longido na upande huo. Unachora mstari huku unachora mstari kule, inakatana kwenye korongo, unafungua picha za setilaiti za Google unatafuta migunga mikubwa. Hukuandika mahali lakini milima miwili imeandika.

Kwa hiyo mimi ushauri wangu ni huu. Picha ya kiota chenye mayai au makinda usiposti kabisa mpaka msimu uishe na makinda yaruke, baada ya hapo posti uso peke yake, kata anga, kata mlima, kata hata umbo la mti. Kwenye simu zima lokesheni ya kamera, maana picha inabeba namba za GPS ndani yake. WhatsApp ukituma picha kawaida inazifuta hizo namba ila ukituma kama dokumenti ili isipoteze ubora zinaenda zote, na waongoza watalii wengi tunatumiana kwa dokumenti. Na wageni wako waambie kabla hamjashuka kwenye gari, sio baada, maana mgeni akirudi hotelini usiku anaingiza orodha yake yote kwenye eBird, ule mtandao wa kuandikia ndege uliowaona, na pini ya ramani inakaa pale pale aliposimama. eBird wana ndege waliowaweka kwenye orodha ya ndege nyeti, hao lokesheni inafichwa yenyewe, lakini bundi wako sidhani kama anafichwa huku kwetu, kwa hiyo mwombe mgeni aandike eneo pana tu, mfano wilaya, au afiche orodha yake. iNaturalist, mtandao mwingine wa kuandikia viumbe, ni rahisi zaidi, unachagua pini ifichwe na yenyewe inakuonyesha tu mraba wa kama kilometa 22 kwa 22, mtu atafute humo mpaka achoke.

Hiyo ya spika ndiyo imeniudhi kuliko zote. Ndege aliye kwenye kiota ukimpigia sauti anaacha kazi yake anakuja kupigana na kitu ambacho hakipo.

Chalii_wa_Kiboriloni

Kaka pole ila mimi nitasema tofauti na naomba msinirukie.

Mimi ndege nimejifunza kwenye mitandao. Sina mjomba mwenye kampuni, sina gari, sikusoma chuo cha wanyamapori pale Mweka japo nakiona kila siku nikiinua macho. Nilianza na simu ya kuazima na pini za watu waliokubali kuandika walipoona nini. Kwera wa dhahabu wa Taveta nilimpata mashamba ya huku chini ya Moshi kwa sababu mzungu mmoja aliandika mahali, nikapanda daladala nikaenda nikamwona, nikarudi nikaanza kusoma. Kama kila mtu angefanya kama wewe, kukaa na korongo miaka yote hii humwambii hata mwenzako, mimi leo ningekuwa nauza vocha.

Wakubwa mnaposema siri mnasema kuhusu bundi lakini na sisi tunafungiwa mlango humo humo. Mwenye gari na mtandao wa wazee wenzake anajua yote, kijana hajui kitu, halafu siku akiuliza anaambiwa mahali pa uongo. Mimi nimeshatumwa porini asubuhi nzima na mtu mzima ninayemheshimu, nikaja kujua baadaye alikuwa ananipoteza makusudi. Iliniuma sana mkuu, na nauli niliyokopa ilienda.

Sitetei waliokata matawi, hao ni waharibifu. Nasema tu jibu lisiwe kufunga kila kitu.

Mangi_Missouri

Salamu toka mbali, mimi mzaliwa wa Kibosho niko Marekani jimbo la Missouri mwaka wa kumi na moja huu, nimesoma hii mada nikajiona niko nyumbani maana hili ni gomvi letu la kila mwaka huku, ila huku sio kwa kuangalia, ni kwa kuwinda. Bata mzinga. Sio yule wa kufugwa, wa porini kabisa, ana akili huyo ndege na macho yake hatari, anaona rangi kwa hiyo unavaa nguo za majani mpaka usoni na unakaa umeegemea mti husogezi hata kidole. Msimu mkubwa ni wa machipuko, majike yanatafutwa, wewe unaigiza sauti ya jike, dume linakuja likitamba limefungua mkia. Jioni kabla ya kuwinda unakwenda msituni unalia sauti ya bundi, ndiyo bundi, dume likiwa juu ya mti limelala linashtuka linajibu kwa kelele, unajua liko wapi, kesho saa kumi na moja alfajiri umeshakaa.

Huku kuna ardhi ya umma ambayo mtu yeyote mwenye leseni anaingia, Msitu wa Taifa wa Mark Twain peke yake ni kama ekari milioni 1.5, kwa hiyo mtu asiye na shamba kama mimi anawinda sawa na tajiri. Hicho ni kitu kizuri mno, nakipenda kuliko vitu vingi vya huku. Ila zamani kujua dume wanalala bonde lipi ilikuwa ni kutembea miaka, unapotea, unalowa, unaumwa na kupe. Sasa kuna programu kama onX, inakuonyesha kwenye simu mpaka wa kila shamba na kila kipande cha umma, mtu yuko mjini Kansas City amekaa kwenye kochi anaona kila kitu. Juu yake video, mtu anarekodi mawindo yake anaweka mtandaoni, watu wanasimamisha video wanaangalia kilima, wanaangalia uzio, wanaangalia kibao cha maegesho kwa nyuma. Msimu unaofuata kuna magari kumi. Na dume akishaitwa na watu kumi wenye filimbi anajifunza, anakaa kimya kabisa, anaacha kujibu, ndio maana wazee hapa wanakasirika mpaka wanaacha kusalimiana.

Desturi zao ni hizi. Mtu hakuulizi umepata wapi, ni kama kumuuliza mtu ana kiasi gani benki, ukiuliza anakujibu kusini mwa jimbo na anabadilisha mazungumzo. Gari unaacha mbali na sehemu yenyewe, kilometa hata mbili, kwa sababu gari ndilo linalosema. Ukikuta gari la mwenzako limeshapaki unaondoka unaenda kwingine, hata kama ni ardhi ya umma na una haki. Na uongo kweli upo, wengi wanadanganya na hawaoni haya, hilo mimi limenishinda kuzoea.

Mimi sehemu yangu nilionyeshwa na mzee jirani, Mmarekani, alinibeba kwenye pikapu yake mwaka wangu wa tatu hapa. Hakunitumia pini. Alinipeleka, akanionyesha wanapolala, wanaposhukia, upande gani wa kupita usiwashtue, akasema unaweza kuja hata mimi nikifa ila usilete mtu mwingine bila kuniambia. Miaka minane sasa. Nimemuomba ruhusa mara moja tu, ya mwanangu.

Dogo wa Kiboriloni nakuelewa sana, na hapa kuna jambo la upande wako. Miaka ya 1930 bata mzinga nchi nzima hii walibaki kama laki mbili tu, waliwindwa na misitu ikakatwa. Leo ni mamilioni. Waliorudishwa walirudishwa kwa kukamatwa hai na kuhamishiwa mabonde mengine, na sehemu kubwa ya hela ilitoka kwa wawindaji wenyewe, leseni zao na kodi ya bunduki na risasi ya sheria ya 1937. Yaani ndege walipona kwa sababu kulikuwa na watu wengi waliowataka. Ukifunga kila mlango mpaka vijana wasiingie, miaka ishirini ijayo nani atasimama kwenye mkutano wa kijiji kusema ule mgunga usikatwe mkaa? Kwa hiyo Kwale, dereva mwenzako akikuuliza kwa heshima usimdanganye. Mwambie sisemi. Na ukimwamini mpeleke, kwa miguu yenu.

Mama_Boma

Mimi sijui ndege ila najua Chemka, zile chemchemi za Kikuletwa. Nimekulia Boma Ng'ombe, tulikuwa tunakwenda Kikuletwa watoto tu na mama zetu, maji unaona chini mpaka majani, unasikia nyani kwenye mikuyu na maji yanavyopita, basi. Nenda Jumapili leo. Muziki, magari, moshi wa mishkaki, foleni ya kurukia kamba. Sisemi ni vibaya vyote, kuna wamama wenzangu wanauza chakula pale na ada inaingia, watoto wanasoma kwa hiyo hela. Lakini ule ukimya haurudi, na hakuna siku tuliyoitwa tukaulizwa kama tunautoa. Mdogo wangu wewe bado una kitu cha kuulizia watu kabla. Waulize wanaokaa hapo.

Morani_wa_Barabara_ya_Namanga

Nimesubiri nione kama kuna mtu atafika hapa, na mama ndiye amefika. Asante mama.

Kaka Kwale mimi ni wa huko huko. Sitasema kijiji. Ule mgunga naujua, kiota nakijua, na hao bundi babu yangu mdogo anawajua kabla wewe hujapata leseni ya udereva, tunachunga chini yao. Umesema siri. Kwetu haijawahi kuwa siri. Miaka yote unapita na gari unapunga mkono na watoto wanakimbia nyuma, hujawahi kushuka ukakaa na mtu ukamwambia nimekuja kwa sababu ya yule ndege. Tulidhani mnaangalia twiga. Kwa hiyo wale wa gari tatu walipokuja na kuuliza korongo lenye migunga liko wapi, watoto waliwaonyesha kwa kidole na wakapewa pipi. Wangejuaje kwamba hilo ni kosa? Ungekuwa umemwambia mzee hata mara moja, hiyo gari isingefika chini ya mti.

Na kuhusu ardhi, kwa sheria ya ardhi ya 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, lakini ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, ipo na ina mwenyekiti na mtendaji na mihuri. Gari kutoka barabarani na kupasua nyasi za malisho mpaka korongoni ni jambo la kijiji. Linaweza kukatazwa kwenye mkutano mmoja.

Mnamjua yule kipozamataza mdogo wa Beesley, huyu ambaye wageni wa ndege wote wanakuja kumtafuta Engikareti kwa sababu anakaa tambarare hizi za kwetu tu na hakuna kwingine duniani. Ameandikwa kwenye vitabu tangu 1966. Anataka nyasi fupi. Nyasi ni fupi kwa sababu mbuzi na ng'ombe wetu wamezila. Mahali pake panajulikana na kila muongoza watalii, kila kitabu, kila ramani, na bado yupo, kwa sababu watu wanaoishi naye wapo na wanachunga. Kinachomuua ni mtu kulima ile tambarare au gari kuzunguka zunguka juu ya viota vyake vya chini. Sasa wewe unaficha bundi kwa wenzako wa Arusha, sisi tuko hapo hapo usiku na mchana na hujatuambia.

Sijakasirika. Nimeandika kwa sababu umeandika kwa uchungu na nimekuamini.

Lenzi_ya_Ngaramtoni

Nimenyamaza. Huyu ndugu amesema.

Kwale_wa_Tengeru

Nimesoma zote, ya morani nimeisoma mara nne, ya mwisho nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Kwanza picha nimezitoa zote mbili. Najua zimeshasambaa ila kwangu hazipo tena. Lenzi asante, nimekwenda kuangalia picha zangu za nyuma zote nikiwa na jicho hilo la milima, nimefuta kumi na nne. Moja ilikuwa ya tai kwenye jabali na nyuma kuna mnara wa simu na kona ya barabara, ningeweza kuendesha gari mpaka pale nimefumba macho.

Dogo wa Kiboriloni, mimi sijawahi kukupoteza wewe lakini nimewahi kumpoteza kijana mmoja hivyo hivyo, 2019, nilimwambia ndege aliyekuwa anamtafuta yuko upande wa Usa River na haikuwa kweli. Alikuja kunisalimia baadaye kwa adabu kama hakuna kitu. Nikimpata nitamwomba radhi. Wewe nitumie ujumbe ndani, mwezi huu nina safari mbili za ndege na kiti cha mbele kiko wazi, posho ndogo ipo, chakula changu. Pini sikupi, twende pamoja.

Mangi, ile ya kumuona mwenzako amepaki ukaondoka, hiyo nitawapelekea wenzangu wa grupu letu la waongoza watalii, nadhani itakubalika kwa sababu haimnyimi mtu kazi. Na ile ya kusema sisemi badala ya kudanganya.

Morani ndugu yangu. Miaka yote hii nimepunga mkono, ni kweli kabisa, na naona aibu kuandika hapa. Nilikuwa nafikiri nikiwaambia watu wa pale bundi atapigwa mawe kama tulivyompiga sisi kwetu, kumbe nilikuwa nawabebesha nyie tabia ya utotoni kwangu. Naomba unifikishe kwa babu yako. Sitaki kuja na hela mkononi kama mtalii na sitaki kuja mikono mitupu vilevile, niambie nije na nini. Na kama mwenyekiti atakubali ningependa kila gari la wageni wa ndege lilipe kijijini, lipewe kijana wa pale wa kutembea nalo, gari libaki barabarani. Hata kama hawa bundi hawarudi, chini kidogo ya korongo kuna wale kwezi na kuna kipanga nimewaona wanajenga.

Morani_wa_Barabara_ya_Namanga

Njoo na sukari na majani ya chai, kilo mbili mbili zinatosha, na tumbaku ya kunusa ya mzee. Jumamosi sio siku nzuri ni mnada, njoo Jumapili jioni mifugo ikiwa inarudi. Gari acha pale kwa wauza mkaa, nitakuja kukuchukua kwa miguu.

Halafu jambo jingine. Mdogo wangu anayechunga mbuzi amesikia sauti usiku wa juzi, ile nzito ya kukoroma, sio kwenye mgunga ule. Amesema ni kwa kufuata korongo kwenda juu, kwenye kiota kingine cha fundichuma ambacho wewe hujafika. Hajaenda karibu, nimemwambia asiende. Tutasikiliza pamoja ukija.